Mguu wa Kanali Jumamosi

"Siku jeshi litakaponiita kwa jambo la kweli," mjomba wangu alisema kwenye kipaza sauti, "halitaniita mara mbili. Nikienda mara moja, jambo limekwisha."

Aliyasema hayo mbele ya wahitimu wa shule ya udereva, wazazi wao, askari wa usalama barabarani aliyekuja kugawa vyeti, na keki. Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za jeshi. Kipaza sauti alipewa ili awakumbushe wahitimu kufunga mikanda. Lakini mjomba akishapewa kipaza sauti ni kama mbuzi aliyekata kamba: anaanza na majani ya karibu, ukigeuka kidogo yuko shambani kwa jirani.

Kutoka safu ya nyuma mke wake, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pacha, akasema kwa sauti ya kutosha, "Halitakuita mara mbili kwa sababu mara ya kwanza utakuwa umeshaharibu."

Askari wa usalama barabarani alicheka mpaka akaangusha vyeti. Na jina la Kanali Jumamosi, ambalo kabla ya siku ile lilitumika nyuma ya mgongo wake tu, likahamia mbele.

Jina lenyewe lina maelezo yake. Mjomba ni mwalimu wa udereva. Siku za kazi alikuwa anakaa kiti cha abiria cha gari dogo jeupe lenye kibao cha herufi L mbele na nyuma, akifundisha watu kuendesha bila kuua mtu. Mwisho wa wiki mmoja kila mwezi, na wiki mbili kila kiangazi, ni askari wa akiba: anavaa sare, anaripoti kambini, anaendesha malori ya jeshi. Jumatatu anarudi kwenye herufi L. Cheo chake halisi ni koplo. Ukanali alipewa na mtaa, ambao haujawahi kuwa mchoyo wa vyeo.

Mimi ni mtoto wa dada yake. Nilikuwa nafundisha alama za barabarani kwenye shule ileile, kazi ambayo nusu ya diploma inaitosha kabisa na inabaki chenji.

Sasa, kuna jambo lilikuwa linaniwasha siku nyingi. Jeshi lina watu wake. Wanalala humo, wanaamka humo, wanakimbia asubuhi wakiimba. Linataka nini na mtu ambaye Ijumaa mchana alikuwa anamwelekeza mama wa makamo namna ya kuegesha kati ya mapipa mawili? Na mtu huyo naye analitakia nini jeshi? Nilichunguza, nikagundua kwamba kila aliyemuuliza mjomba alipewa jibu lake mwenyewe. Mama Pacha aliambiwa ni posho. Mwenye shule aliambiwa ni sheria. Kinyozi aliambiwa ni uzalendo, tena kwa kirefu, mjomba akiwa na povu nusu ya uso, na kinyozi hawezi kukimbia kinyozini kwake.

Nikamvizia siku moja akinyoosha sare sebuleni.

"Mjomba, hebu niambie ukweli."

"Upi? Wa posho au wa uzalendo?"

"Ule mwingine."

Akapitisha pasi kwenye kola, akaigeuza, akapitisha tena. "Wewe umewahi kukaa kwenye gari ambalo aliyeshika usukani hajui kuendesha?"

"Nimewahi kupanda teksi."

"Basi mimi nakaa humo wiki nzima. Mdomo unasema 'vizuri, vizuri sana', lakini mguu hauko vizuri. Mguu uko macho tangu asubuhi." Akaupiga mguu wake wa kulia kofi dogo, kama mtu anayemtambulisha mwenzake. Gari la shule ya udereva lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na hiyo ya pili ndiyo bima ya wote. "Kule jeshini usukani nashika mwenyewe. Pa kwenda anaamua mtu mwingine. Kazi yangu ni kufika. Nalala kama mtoto mchanga, mjomba. Nyumbani silali hivyo."

Niliridhika na jibu hilo mpaka kiangazi kilipofika.

Kiangazi kile mwenye shule, ambaye tulimwita Mkurugenzi ingawa shule ilikuwa na magari mawili na darasa moja lenye feni mbovu, alipata tenda ya kiwanda cha maji ya chupa. Kiwanda kilitaka wasambazaji wake wote wafundishwe upya, haraka. Wiki mbili za kiwanda zikaangukia wiki mbili za kambi.

Mkurugenzi alimwita mjomba ofisini. Mlango wa ofisi ile haufungi vizuri, na mimi sikuwa na sababu ya kuusaidia.

"Mwalimu, mwaka huu hapana."

"Bosi, kambi ni wiki mbili tu."

"Na kiwanda ni wiki zilezile. Si ulisema mwenyewe, tena kwa kipaza sauti changu nilichokikodi, kwamba hawatakuita mara mbili? Mwaka jana walikuita. Mwaka juzi walikuita. Hilo jambo haliishi tu?"

"Hayo ni mazoezi."

"Kama ni mazoezi, hayana haraka. Kiwanda kina haraka. Nimeisoma ile sheria yako unayonitishia nayo. Inasema mtu anaweza kuomba kuahirisha."

 Nadhani mjomba hakutegemea kwamba kuna mtu angeisoma.

"Nenda ukaombe," Mkurugenzi akasema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Ukienda kambini, kiti chako kitakaliwa na mwingine. Sikutishi. Siwezi kuacha breki bila mguu."

Hapo ndipo mambo yalipoacha kuwa mzaha. Kiti kile ndicho kilichokuwa kinalipa kodi ya nyumba na karo ya pacha wawili, wanaokula kana kwamba wanashindana. Posho ya jeshi haikutosha hata kuwapa kifungua kinywa.

Alikwenda kuomba ruhusa, nami nikamsindikiza, kwa sababu nilitaka kuona jeshi linavyokataa. Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye benchi la mbao, ramani ukutani, na Kapteni, mama mfupi aliyesukumia miwani ya kusomea juu ya kofia. Alimsikiliza mjomba mpaka mwisho, akachukua kalamu.

"Ruhusa ipo, koplo. Nasaini sasa hivi." Akasita. "Ila nikuulize. Siku za kazi unafanya nini huko kwako?"

"Nafundisha udereva, afande."

"Watu wa namna gani?"

"Wanaoogopa, afande. Asiyeogopa anafundishwa na shemeji yake uwanjani, haji kwetu."

Kapteni akaiweka kalamu chini. Akaeleza kwamba amepewa malori mapya na vijana wa kuyaendesha. Kwenye uwanja wa gwaride wanaendesha vizuri sana. Kwenye barabara ya mlimani wanageuka watu wengine. Mwalimu wao, Sajini, ni dereva hodari kuliko wote kambini, na hapo ndipo penye tatizo: tangu azaliwe hajawahi kushindwa kuendesha, hivyo hajui mtu anayeshindwa anaona nini.

"Malori nimepewa, vijana nimepewa," Kapteni akasema. "Mtu anayejua mwoga anafundishwaje, sijapewa. Humu ndani mwoga hafundishwi, anapigiwa kelele. Nilikuwa nimekupanga wewe. Lakini una kazi yako na una watoto, sitakulaumu. Nisaini?"

Mjomba akanitazama kana kwamba jibu ninalo mimi. Mimi nikaitazama ramani.

Njiani kurudi, tulipokaribia nyumbani, akanigeukia. "Umemsikia? Ameniuliza siku za kazi nafanya nini. Miaka yote niliyovaa sare hii, hakuna aliyewahi kuniuliza. Wanajua namba yangu, wanajua saizi ya kiatu."

Karatasi ilibaki bila saini. Mama Pacha aliipokea habari hiyo akikunja nguo.

"Kwa hiyo kiti umekiacha."

"Nimekiacha kwa muda tu, mama."

"Kiti hakijui muda, baba. Kiti kinajua makalio."

Na kweli. Mjomba aliporudi kutoka kambini, ameungua jua, amekonda kidogo, kwenye gari jeupe alimkuta Dogo Miwani, kijana mpole ambaye sina ubaya naye, akirekebisha kioo. Mkurugenzi alitimiza neno lake bila chuki. Hata alimtafutia mjomba nafasi nyingine: aingie darasani, afundishe alama za barabarani. Yaani kazi yangu.

"Hapana," mjomba akamwambia. "Huyu mtoto ana kazi moja tu maishani ambayo hajaiachia njiani. Siwezi kuwa mimi wa kumtoa."

Sikujua nimshukuru au ninune, nikafanya vyote viwili.

Jumapili iliyofuata mtu alibisha hodi nyumbani kwa mjomba. Alikuwa mwanamume mpana kama kabati, amevaa shati la maua, mkononi ana mfuko wa soda. Ilibidi mjomba atuambie kwamba huyo ndiye Sajini, maana bila sare alionekana kama mpiga ngoma wa bendi ya harusi.

Mama Pacha hakumkaribisha kiti mara moja. "Wewe ndiye uliyenirudishia mume nyumbani siku za kazi?"

"Shemeji, ndiyo maana nimekuja na soda," Sajini akasema.

Akakaa. Na hapo nikapata habari kamili ya yaliyotokea kambini, kwa sababu mjomba alikuwa ameshanisimulia mara tatu na kila mara lori lilikuwa linazidi kuwa kubwa. Sasa walikuwepo wawili, kila mmoja akimshika mwenzake shati.

"Barabara ya kushuka mlima," Sajini akaanza, akipanga vizibo vya soda mezani viwe kona, "ina kona mbaya tatu. Hii ya kwanza Mnyoofu alikata vizuri."

Mnyoofu ni dereva kijana aliyekuwa kwenye usukani. Jina alipewa na Sajini mwenyewe, kwa kuwa kambi nzima hakuna aliyesimama wima kama yeye. Mjomba alikuwa kiti cha pembeni, anafundisha. Sajini alikuwa nyuma, amejipenyeza mpaka kichwa kikaingia kwenye kidirisha kilichopo nyuma ya viti, kwa kuwa alikuwa bado hajakubali kwamba mtu wa Jumamosi aachiwe vijana wake.

"Akataka kupunguza gia," mjomba akadakia. "Gia ikagoma kuingia. Akabaki amekanyaga klachi, macho yako kwenye gia, lori linakwenda lenyewe, nyuma tuna mzigo wa mawe."

"Mifuko ya mchanga."

"Mawe."

"Mchanga. Niliupakia mimi."

"Haya, mchanga. Mimi nikakanyaga breki."

Akanywa funda la soda. Mama Pacha, aliyekuwa anajifanya hasikilizi, akageuka. "Halafu?"

"Halafu hakuna breki. Lori la jeshi lina breki moja, ya dereva. Nimekanyaga bati la sakafu. Nikakanyaga tena. Nikakanyaga mara ya tatu kwa nguvu zaidi, kana kwamba ingeota."

"Mimi nilidhani analipiga lori mateke," Sajini akasema.

Tulicheka, pacha wakaja kuchungulia. Sajini akainua kiganja. "Msimcheke peke yake, na mimi nilifanya langu. Nilimwita kijana, kwa sauti yangu yote, sikioni. Sasa, yule kijana nimemlea mwenyewe. Nimemfundisha kwamba afande akikuita jina, unafanya nini?" Akainuka kutuonyesha: kifua mbele, kidevu juu, viganja vimebana mapaja. "Unakuwa hivi, unaitika 'Afande!' Na ndivyo alivyofanya. Aliketi wima, shemeji. Sijawahi kuona mtu akiketi wima namna ile. Mikono yote miwili mapajani. Usukani hauna mtu."

Mama Pacha akaikung'uta nguo aliyokuwa ameishika. "Ngoja nipange. Mmoja anakanyaga bati. Wa pili anapiga gwaride amekaa. Wa tatu kichwa kimenasa dirishani."

"Hakikunasa."

"Kilinasa kidogo," mjomba akasema.

"Na hilo ndilo jeshi linalotulinda."

"Nusu yake ni ya Jumamosi," Sajini akajitetea.

Nikauliza nani aliwatoa. Sajini akamwelekezea mjomba kidole. Mjomba akaitazama soda yake kana kwamba imeandikwa kitu.

"Sikuwa na njia nyingine. Mguu haufai. Breki ya mkono iko upande wake wa pili, sifiki. Usukani niliudaka kwa mkono mmoja, lakini lile dude halikatiki kwa mkono mmoja. Nimebakiwa na mdomo. Nikamwambia polepole, kama ninavyowaambia wamama: mwanangu, mikono irudi kwenye usukani. Vizuri. Gia achana nayo, haikimbii. Tazama barabara. Sasa mguu wa kulia, kanyaga. Usipige. Kanyaga kama unavyokanyaga blanketi kwenye beseni la kufulia."

"Kama blanketi kwenye beseni la kufulia," Sajini akarudia, safari hii bila mzaha. "Nimefundisha vijana wengi. Neno beseni halijawahi kunitoka mdomoni. Na yule mtoto alikanyaga hivyo hivyo."

Lori lilisimama likiwa limeegemea ukingo wa udongo, kioo cha pembeni kimevunjika, ubavu umechubuka. Mnyoofu alishuka, akatapika, akapiga saluti, kwa mpangilio huo.

Mbele ya Kapteni kila mmoja alimtupia mwenzake lawama kwa heshima zote za kijeshi. Kapteni aliwasikiliza, akatoa hukumu fupi: siku zote zilizobaki wangefundisha pamoja, lori moja. Sajini atafunga mdomo. Koplo atakunja miguu.

Na akaikunja kweli. Mjomba alimaliza kambi amekaa kiti cha pembeni cha lori la jeshi kama mtu aliyealikwa kula mkekani, miguu imefungwa chini yake, magoti yakitetemeka kila kona. Sajini alikaa nyuma anatafuna njiti za kiberiti. Lakini asubuhi, kabla injini haijawashwa, Sajini ndiye aliyekuwa na neno. Siku moja mjomba, kwa mazoea ya gari dogo, aliwaruhusu vijana waondoke bila kukagua kamba za turubai, na turubai likafunguka barabarani likamfunika mtu wa baiskeli. Siku nyingine walitoka bila gurudumu la akiba. Mjomba alikuwa anafundisha watu wa kwenda kazini na kurudi, ambao wakiharibikiwa wanapiga simu. Kule mlimani hakuna wa kumpigia.

Hapo nikauliza lile lililokuwa linaniwasha. "Afande, hawa watu wa akiba, ninyi wenyewe mnawaonaje?"

Sajini akafikiri. "Tunawaita wageni. Wanakuja, wanauliza choo kiko wapi, ukishawaelekeza muda wao umekwisha."

"Si inasemwa mgeni njoo, mwenyeji apone?"

"Inasemwa. Lakini mwenyeji akubali kwanza kwamba anaumwa, na sisi hatujazoea kukubali." Akageuza kizibo kimoja mezani. "Mimi nimeingia jeshini nikiwa kijana mdogo. Kila ninachokijua nimekijulia humo. Nikikosea, wote wanaonizunguka wanakosea vilevile, kwa hiyo hakuna anayeona. Huyu anatoka nje na uchafu wake wa nje na ujuzi wake wa nje, anatukosea kwa namna mpya. Ndipo tunashtuka."

"Basi wangewachukua wa akiba tu," Mama Pacha akasema. "Wangepunguza gharama."

"Hapana, shemeji. Wale vijana mimi nimekaa nao mwaka mzima. Ndiyo maana hata walipoambiwa habari za beseni walitii badala ya kucheka. Huwezi kukutana na mtu Jumamosi, Jumapili ukamwambia ashuke mlima na akashuka. Nyumba isiyo na mgeni inanuka uvundo. Lakini nyumba yenye wageni watupu si nyumba, ni gesti."

Mama Pacha alicheka, akamwongezea soda aliyoileta mwenyewe.

Mjomba hakucheka. Alisubiri Sajini aondoke, akaniita nje kwenye ngazi.

"Mjomba, nikuambie kitu kinachonisumbua? Si lori. Lori lilisimama. Ni lile bati. Miaka yote hii nimekuwa najiona nafundisha kwa mdomo. Watu wananisifu, 'mwalimu ana maneno mazuri.' Kumbe nafundisha kwa mguu. Mwanafunzi akichelewa kidogo tu, mguu umeshamaliza, na yeye hajui. Anadhani amesimamisha gari. Namwambia 'vizuri sana', anapata cheti." Akautazama mguu ule bila urafiki. "Watu wangapi barabarani wana leseni ambayo mtihani niliufanya mimi?"

Mfano mmoja wote wawili tulikuwa tunauangalia. Ng'ambo ya njia kulikuwa na gari la muuguzi mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani, limefunikwa turubai tangu siku ya pili baada ya kununuliwa. Watoto walikuwa wanalitumia kujifichia.

Asubuhi mjomba akavuka njia, akabisha. Muuguzi alitoka amevaa nusu ya sare ya kazini.

"Mwalimu, karibu. Kuna heri?"

"Heri. Nimekuja na swali. Gari lako haliendi kwa nini?"

"Betri."

"Hilo ni jibu la majirani."

Muuguzi akatazama turubai. "Naogopa, mwalimu. Shuleni nikikosea gari lilikuwa linasimama lenyewe. Hili halisimami."

"Lile nalo lilikuwa halisimami lenyewe, dada," mjomba akasema. "Lilikuwa linasimamishwa na mimi. Nilipaswa kukuambia, lakini hata mwenyewe nilikuwa sijui. Nipe nafasi nirudie kazi yangu."

Betri kweli ilikuwa imekufa, kwa hiyo muuguzi hakuwa mwongo kabisa. Ilipofufuka, mjomba akaingia kiti cha abiria, akavua viatu, akakunja miguu. Mimi nikakaa nyuma, nikafunga mkanda ambao huwa siufungi.

Nilikuwa natazama shingo ya mjomba. Gari lilipotoka kwenye njia yetu kuingia barabara kubwa, shingo ile ilikuwa imelowa. Alikuwa hana kiti shuleni na kodi inakuja. Kama hangeweza kufundisha bila mguu, basi hakuwa na kazi nyingine duniani, na nadhani alikuwa anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mimi. Kwenye mzunguko lori la taka likatukatia njia. Muuguzi akavuta pumzi, akaachia usukani kidogo. Goti la mjomba likaruka. Halikwenda popote, kwa kuwa mguu alikuwa ameukalia.

"Umeliona," akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Nalo limekuona. Sasa kanyaga polepole, kama unakanda mguu wa mgonjwa."

Akakanyaga. Gari likasimama mahali pake, lori likapita. Nyuma yetu mtu akapiga honi, na muuguzi, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akamwambia kupitia dirishani kitu ambacho hawafundishi kwenye chuo cha uuguzi.

"Hilo sikukufundisha mimi," mjomba akasema.

Walikwenda hadi geti la hospitali na kurudi. Kesho yake wakaenda tena. Halafu siku moja nikaliona gari likitoka, na mjomba amesimama ngazini na kikombe cha chai, mguu wa kulia ukicheza wenyewe.

Hospitali ina wauguzi wengi, na inaonekana wengi wao wana magari yaliyofunikwa turubai. Wakaanza kuja. Wakaja na waume zao, ambao walikuwa wanasindikiza tu mpaka walipozoeana na mjomba, ndipo wakakiri. Baadhi walikuwa na vyeti vya shule yetu vyenye saini yake mwenyewe. Hao aliwafundisha upya bila kuwauliza kwa nini walirudi.

Mkurugenzi alinituma. Dogo Miwani alikuwa ameanza kulalamika kwamba mguu unamuuma, na kiwanda, kilicholeta wasambazaji wengine, kilitaka mwalimu mtu mzima. Nikampelekea mjomba ujumbe kwamba kiti kipo, tena kwa nyongeza.

Alikuwa ngazini anapiga kiwi viatu vya kambini, maana mwisho wa wiki ule ulikuwa wa jeshi na Sajini alikuwa na vijana wapya.

"Mwambie nashukuru," akasema. "Lakini kwenye gari lake kuna ile breki. Nikiiona tu, mdomo utanyamaza."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Mwambie ni sheria."

Mama Pacha alisikia yote kutoka ndani. Nilitegemea neno. Badala yake alitoka na kipande cha boksi na kalamu nene, akanipa. "Wewe si msomi, ingawa nusu? Andika, tubandike mlangoni. Huyu akiulizwa bei anaanza kusimulia mlima."

Nikaandika. Saa moja, kwenye gari lako mwenyewe, ni elfu ishirini na tano.